Plasta ya Mgeni Rasmi

Dobi alikuwa anapiga pasi kola ya shati la mkubwa mmoja wa ofisi ya ardhi pale harufu ilipomfikia tena. Aliiweka pasi ya mkaa kwenye kigae chake, akanusa hewa, akanusa na shati lenyewe. Shati halikuwa na kosa. Lilinukia sabuni, ile ya mche ambayo kila akienda dukani anakuta imepunguzwa ukubwa na kuongezwa bei. Harufu ilitoka nyuma yake, kitandani.

Mtu aliyekula ujana wake kwenye nguo chafu za watu hababaishwi na harufu. Dobi alilijua jasho la mtu aliyebeba mizigo na jasho la mtu aliyekaa kwenye kiti cha kuzunguka akiogopa kufukuzwa kazi. Alijua mkojo wa mtoto, maziwa yaliyoganda, na manukato ya mwanamke ambaye si mke wa mwenye shati. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa na utamu fulani wa kuchefua, kama nyama iliyosahaulika mfukoni.

"Mama," aliita.

Binti yake alifumbua macho. Alimwita Mama tangu siku aliyotoka naye hospitali amemviringisha shuka ya marehemu mkewe.

"Abee, baba."

"Mguu vipi?"

"Unaungua."

"Unawasha, au unaungua?"

"Unaungua. Huku chini." Alielekeza kidole kwenye kisigino, ila kisigino chenyewe hakikuonekana. Mguu wa kulia, kuanzia chini ya goti mpaka kwenye shina la vidole, ulikuwa ndani ya plasta nyeupe, ngumu kama tofali.

Dobi aliinama, akaweka pua penye ukingo wa plasta. Aliinuka. Alimwaga mkaa wa pasi kwenye kopo la majivu, akayaacha mashati ya wakubwa yakiwa nusu yamenyooka nusu yamekunjamana, akamgeuzia mtoto mgongo. "Panda. Leo tunawahi."

Mtoto huyu alizaliwa kimya. Mama yake alikaa na uchungu usiku kucha na asubuhi yake yote katika hospitali hiihii wanayoiendea, daktari wa zamu akiwa kwenye semina ya kuboresha huduma. Daktari aliporudi na mkoba wake wa semina, mama alikuwa ameshakwenda zake, na mtoto ametolewa akiwa wa bluu, ubongo umekosa hewa. Walimpigapiga akalia. Baadaye sana ndipo ilipojulikana kwamba misuli ya miguu yake haijui kulegea. Inakaza yenyewe, usiku na mchana, kama ngumi iliyosahau kufunguka. Alipoanza kusimama, alisimama kwa ncha za vidole, kisigino juu, magoti yanagongana, kama mtu anayechungulia juu ya ukuta wa jirani.

Tiba yake ilikuwa plasta. Wanausukuma unyayo juu kidogo, wanaufunga palepale ulipofika, unakaa wiki. Wiki ikiisha wanafungua, wanausukuma tena kidogo, wanafunga tena, mpaka ule mshipa mnene wa nyuma ya kisigino unachoka kubisha. Mguu ukinyooka, siku hiyohiyo unavalishwa kiatu cha plastiki kinachopanda mpaka chini ya goti, uukamate usirudi ulikotoka. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshapita njia hiyo. Siku ulipokanyaga kwa mara ya kwanza, Dobi alilala kifudifudi kwenye sakafu ya kliniki, akaweka shavu chini, akachungulia kama kuna mwanga unapita chini ya kisigino cha binti yake. Haukupita. Wauguzi walimcheka, naye akacheka, na yeye si mtu wa kucheka hovyo.

Umebaki wa kulia. Hii ilikuwa plasta yake ya mwisho, na ilitakiwa kutoka wiki iliyopita.

Kwa kawaida wazazi huloweka plasta nyumbani asubuhi ya kliniki. Msumeno wa kukatia ulikufa zamani, hakuna anayekumbuka ulikuwa na mlio gani. Kwa hiyo unaamka, unamkalisha mtoto na mguu ndani ya beseni, plasta inakunywa maji mpaka inalegea, unaizungushia kitambaa kibichi na kwenda. Kule mnakaa kwenye benchi mnazikunjua taratibu kama mtu anayefungua bandeji, mnapiga soga. Kazi nyepesi, haina hatari.

Siku plasta ile inafungwa, Katibu wa hospitali alikuja mwenyewe mpaka kwenye benchi. Si kawaida yake. Benchi ile ina watu.

"Wazazi, wiki ijayo kliniki hakuna," alitangaza. "Tunapaka rangi. Mtakuja wiki inayofuata, siku ya mgeni rasmi. Na msiloweke! Kuna msumeno mpya wa umeme. Mheshimiwa atakata plasta ya kwanza kwa mkono wake mwenyewe. Wengine wanakata utepe tu, sisi tutakata na plasta. Mnauona ubunifu huo?"

Fundi wa mazoezi ya viungo, msichana ambaye wazazi walimwita Dada wa Mazoezi, alikuwa ameinamia ndoo yake ya plasta. "Katibu, hizi ni za wiki moja," alisema. "Watoto hawa wanakaza. Kisigino kinajisugua humo ndani."

"Wiki moja haijapata kuua mtu, dada. Na wazazi mnisikie vizuri. Atakayekuja na plasta iliyolowa, kile kiatu chake cha plastiki asikidai."

Ndivyo wanavyokukamata hawa. Hawakukatazi kwa bunduki. Wanashika kile kitu kimoja unachokihitaji, wanakiweka nyuma ya mgongo wao, halafu wanakuuliza kwa upole kama una swali.

*

Hospitali ilikuwa imepakwa rangi, kweli. Imepakwa upande wa mbele, na kwa urefu ambao mtu aliyesimama na kamera ataufikia. Juu ya hapo ukungu uliendelea na maisha yake. Uani palisimamishwa mahema, viti vimevalishwa vitambaa vyenye mafundo mgongoni, na spika mbili zenye ukubwa wa makabati zilikuwa zinajaribiwa. "Moja, mbili. Moja, mbili. Haloo." Kila sauti ilipopasuka, binti wa Dobi alishtuka mgongoni kwa baba yake, na miguu yake yote miwili ikajikaza na kuminya mbavu za mzee kama koleo. Watoto wa namna hii kelele huwaingia kwenye misuli. Kila mtu wa kliniki analijua hilo. Spika ziliwekwa mlangoni pa kliniki.

Watoto wenye plasta walikuwa wameshapangwa kwenye benchi ya mbele, wamevalishwa fulana zenye picha ya mgeni rasmi. Fulana zilikuwa za watu wazima. Uso wa mheshimiwa ulishukia kwenye matumbo ya watoto na kukunjana, kila mtoto akipumua, mheshimiwa anakonyeza. Pembeni kulikuwa na meza yenye maua, na juu ya meza viatu vya plastiki vya watoto vilivyofungwa utepe mwekundu, kama keki. Dobi alikiona cha binti yake, cha kulia. Alikijua kwa mkwaruzo wa kisu cha fundi pale juu.

"Umekuja, Dobi!" aliita bibi mmoja mnene aliyekuwa amempakata mjukuu wake mwenye magoti yaliyopinda. Walimwita Bibi Redio, na hakuwa na kitufe cha kuzima. "Njoo ukae. Tumeambiwa tutapewa soda. Mimi nimeshamwambia huyu mjukuu wangu, ukiulizwa unaendeleaje, sema vizuri, soda haijafika bado."

"Bibi, nusa hapa."

Bibi alinusa penye ukingo wa plasta. Redio ilizimika.

"Yesu na Maria," alisema kwa sauti ndogo. "Mtafute yule dada. Sasa hivi."

Dada wa Mazoezi alikuwa amevalishwa skafu ya rangi ya sherehe na kupewa kazi ya kupanga chupa za maji mezani kwa wakubwa. Alipomwona Dobi aliacha chupa. Hakuhitaji kuinama. Aliingiza kidole chini ya ukingo wa plasta, mtoto akapiga yowe, kidole kikatoka na unyevu wa manjano.

"Hii ilitakiwa ifunguliwe wiki iliyopita," alisema. "Ifunguliwe sasa. Subiri hapa."

Dobi hakusubiri hapo. Alimfuata mpaka kwenye kundi la wanaume wenye suti lililokuwa likibishana juu ya zulia jekundu, kama lianzie getini au kwenye ngazi. Katibu alikuwa katikati, ameshika simu mbili na orodha ya itifaki kwapani.

"Katibu, naomba funguo ya boksi la msumeno. Mtoto ana kidonda ndani."

"Haufunguliwi huo kabla ya mgeni. Umefungwa utepe."

"Nitaurudishia utepe mwenyewe."

"Dada yangu, msumeno huo ndio ratiba. Ukikuta umetumika, mpiga picha atapiga nini? Plasta iliyokwisha kukatwa?" Alimgeukia Dobi, akamwangalia kuanzia miguuni, na macho yakaishia usawa wa kifua, hayakufika usoni. "Mzee, vumilia kidogo. Mheshimiwa yuko njiani."

"Njiani wapi?"

"Njiani."

"Mtoto wangu anaoza, bwana."

"Usitumie maneno makali. Leo tuna waandishi wa habari." Akashusha sauti, akaifanya ya kirafiki. "Nitakufanyia jambo. Nitamweka wa kwanza. Wa kwanza kabisa! Mheshimiwa atakata ya huyu binti yako. Utatokea kwenye televisheni, mzee. Watu wanalilia nafasi hiyo."

"Akate aone nini? Usaha?"

Katibu aligeuka kutazama waandishi. Ilionekana wazi kwamba hilo hakulifikiria, na sasa alipolifikiria, lilimtisha kuliko kidonda chenyewe. "Basi asiwe wa kwanza," alisema haraka. "Awe wa mwisho. Mpelekeni nyuma, hema la nyuma kule, mpaka shughuli iishe."

"Nipeni maji basi. Beseni na maji. Nitailoweka mwenyewe, sihitaji msumeno wenu."

"Maji hakuna. Mabomba hayatoi tangu juzi. Wewe mwenyewe unajua hali ya mji."

Dobi aliijua hali ya mji. Nguo za watu alikuwa anazifulia maji ya madumu aliyoyasukuma kwa mkokoteni tangu kisimani. Lakini pia alikuwa na macho. Nyuma ya bega la Katibu, ndani ya banda jipya la vigae, palikuwa na bwawa dogo la mazoezi, ngazi zake za chuma zinameremeta, utepe umepita mlangoni. Lori la maji lilikuwa limelijaza alfajiri hiyo mpaka likapakana na ukingo. Wodi ya wazazi inafuta damu kwa vitambaa vikavu, vyooni watu wanabana pua, na hapa maji yametulia buluu, hayana kazi, yanasubiri kupigwa picha.

"Yale je?" Dobi aliuliza.

Katibu aligeuka, akaangalia, akageuka tena. Alicheka kama mtu aliyesikia utani. "Yale ni ya uzinduzi."

Dobi alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Watu wengi hutikisa kichwa hivyo mbele ya meza za wakubwa, ndiyo maana Katibu alirudi kwenye zulia lake bila wasiwasi.

*

Dobi hakukata utepe. Aliunyanyua kwa mkono, akapita chini yake na mtoto mgongoni, akauachia ukarudi mahali pake. Alimkalisha binti kwenye ukingo wa vigae, akavua viatu vyake, akakunja suruali, akaingia na soksi miguuni. Maji yalimfika mapajani, baridi kweli. Akaushika mguu wenye plasta kwa mikono miwili na kuushusha.

"Baridi!" mtoto alisema.

"Ndiyo. Utapoa huo moto wako."

"Baba, watatugombeza?"

"Watatugombeza."

Plasta ilianza kunywa. Viputo vilipanda, halafu wingu jeupe likatoka kwenye mguu na kutanuka polepole ndani ya ile buluu. Dobi alikuwa anaminya kwa vidole gumba, juu kwenda chini, kama anavyominya kola ngumu yenye wanga. Hakuwa na haraka. Plasta ukiilazimisha inavunjika vipande na vipande vinakata ngozi.

Wa kwanza kumwona walikuwa wazazi wenzake. Mama mmoja alisimama mlangoni, ameshika kiuno. "We baba, unafanya nini? Watatufukuza wote kwa ajili yako!"

"Njoo na wako. Maji yapo."

"Nije? Kiatu cha mwanangu kipo pale mezani. Unadhani nitakipata nikija huko? Toka humo, unatuharibia!"

"Plasta ya wako ni ya wiki ngapi?"

Mama yule aliangalia nyuma kwenye benchi alikokaa mtoto wake na uso wa mheshimiwa tumboni. Kisha akaondoka akisonya. Wengine walichungulia, wakarudi kukaa kwenye viti vyao. Walimchukia siku ile, na huwezi kuwalaumu sana. Aliyewafundisha kuogopa meza yenye maua hakuwa Dobi.

Bibi Redio peke yake ndiye aliyepita chini ya utepe, kwa taabu, anahema. Hakumleta mjukuu wake. Alifungua mtandio wake mkubwa, akautandaza kwa mikono yote miwili kama pazia kati ya bwawa na uwanja.

"Mjukuu wangu hagusi maji, nakwambia kabisa," alisema bila kugeuka. "Mimi ni mwoga. Lakini kusimama naweza. Fanya haraka, mikono hii ina baridi yabisi."

Pazia lile halikudumu. Katibu alikuja anakimbia, suti imempanda mgongoni, mlinzi nyuma yake. "Bibi, ondoka hapo! Nini hiki? Nini hiki jamani!" Aliona wingu jeupe. Maji yote ya upande ule yalikuwa yamegeuka kama ya mtu aliyeosha brashi za rangi. "Umeniua. Mzee, umeniua! Mlinzi, mtoe."

Mlinzi alisogea mpaka ukingoni, akaangalia maji, akaangalia viatu vyake vilivyong'arishwa kwa ajili ya siku. "Nitamtoa vipi, mkuu? Plasta imeshalegea. Nikimtoa sasa mtoto atatoka anabururuta matambara mbele ya watu."

"Basi... basi..." Katibu alijipiga paji la uso. "Amalize! Amalize upesi atoke! Na nyinyi leteni ile dawa ya bwawa, ya buluu, mwageni!"

Dada wa Mazoezi alikuwa ameshapiga magoti ukingoni, skafu ya sherehe ameitupa. Alitafuta ncha ya bandeji, akaipata, akaanza kukunjua, na Dobi akawa anazungusha mguu. Mzunguko baada ya mzunguko, utepe mzito mweupe ulitoka. Karibu na kisigino pamba ya ndani ilikuwa imeshikamana, ya kahawia. Mtoto aliuma begani kwa baba yake. Aliuma kweli, na Dobi alimwacha aume.

Pamba ikatoka.

Kwanza walichokiona kilikuwa unyayo. Ulikuwa umekaa sawa na mguu, pembe safi, kama wa kushoto. Plasta ilikuwa imeshinda. Kwa muda ule mfupi mtoto alikuwa na miguu miwili ya kukanyagia chini.

Halafu wakaona kisigino. Ngozi haikuwepo. Palikuwa na shimo jekundu, kingo zake nyeusi, kubwa kama kifuniko cha chupa ya soda, na ndani yake kulikuwa na kitu cheupe ambacho Dobi hakutaka kuuliza ni nini.

"Hiki ni kidonda cha wiki hii," alisema Dada wa Mazoezi. Alikuwa analia na kufanya kazi kwa pamoja, anasafisha, pua inatiririka. "Wiki iliyopita tungefungua tungekuta wekundu tu. Wekundu!"

"Mletee kiatu chake," Dobi alisema. "Kipo pale mezani. Avae kabla mguu haujarudi."

"Hakivaliki juu ya kidonda, mzee wangu. Plastiki ile itamla mpaka mfupa."

"Mpaka kipone?"

"Mpaka kipone."

"Na mguu utakaa tu hivi unasubiri?"

Dada wa Mazoezi aliutazama mguu. Vidole vya mtoto vilikuwa vimeshaanza kuelekea chini, taratibu, mbele ya macho yao.

*

Waliwatia stoo. Si neno walilotumia. Walisema "chumba cha mapumziko." Kilikuwa na magongo yaliyovunjika, baiskeli za wagonjwa zisizo na magurudumu, na makopo ya rangi iliyobaki. Dada wa Mazoezi alifunga kidonda kwa chachi akaitwa. Mgeni alikuwa ameingia getini na chupa za maji hazikuwa zimepangwa. Alisimama mlangoni, akaonyesha kwa kiganja chake. "Ushike hivi. Sukuma unyayo juu, usiguse kisigino. Ukiushika utachelewa kurudi."

"Nishike mpaka lini?"

Aliitwa tena, akakimbia.

Kwa hiyo Dobi alikaa sakafuni, binti amelala kwenye boksi lililokunjuliwa, unyayo umelala kwenye kiganja cha baba. Nje spika zilipasuka kwa wimbo. Mguu ulishtuka na kukaza, ukasukuma kiganja kwa nguvu ambayo huwezi kuamini imetoka kwa mtoto mwembamba vile. Dobi akasukuma na yeye. Wimbo ukaisha, mguu ukalegea kidogo. Makofi yakaja, ukakaza tena. Walikwenda hivyo, mheshimiwa anasifiwa huko nje na mzee huku ndani anashindana mkono na kila sifa. Kisha ukasikika mlio mkali wa msumeno, mfupi, na kelele za furaha.

"Wanashangilia nini, baba?"

"Amekata plasta."

"Ya nani?"

"Ya mtoto mwingine."

Alifikiri kidogo. "Ana kidonda?"

"Sijui, Mama. Watakiona kesho, wageni wakishaondoka."

Hotuba ilianza. Iliongelea watoto hawa wetu, na kwamba hakuna atakayeachwa nyuma. Mkono wa Dobi ulikuwa umekufa ganzi mpaka kwenye bega alipoingia Katibu, amebeba mfuko wenye soda, biskuti na fulana. Alikuwa ametulia sasa. Dawa ya buluu ilikuwa imefanya kazi, bwawa limezinduliwa.

"Mzee, mambo hayakuharibika sana," alisema. "Mimi si mtu wa visasi. Chukua hizi za mtoto. Geti la nyuma liko wazi, mlinzi atakusindikiza. Tafadhali msipite mbele, mheshimiwa bado yuko jukwaani."

"Nitaondoka," Dobi alisema. "Ila sina mkono. Nikiuachia huu unarudi. Shika kidogo nivae viatu."

Katibu aliangalia mlangoni. Hapakuwa na mtu wa kumtuma. Aliangalia mtoto, na mtoto alikuwa anamwangalia. Akaweka mfuko chini, akavuta suruali yake magotini isikunjamane, akachuchumaa, na kutoa kiganja kama mtu anayepokea kitu cha moto.

"Sukuma juu," Dobi alimwelekeza. "Zaidi. Usiguse kisigino."

Nje watu wakapiga makofi. Mguu ukakaza, na Katibu akayumba, karibu akae chini na suti yake. "He! Unavuta hivi?"

"Tangu azaliwe."

"Usiku pia?"

"Usiachie, mjomba," mtoto alisema. "Ukiachia narudi vidole."

Dobi alivuta viatu vyake. Vilikuwa na soksi ndani, soksi zikiwa mbichi. Alizikamua moja baada ya nyingine, akazikung'uta, akazivaa, akanyoosha mshono ukae juu ya vidole. Akaingiza mguu kwenye kiatu. Akaanza kamba, tundu kwa tundu.

"...na sasa," spika ilisema, "tunamkaribisha Katibu wa hospitali yetu, kwa neno la shukrani kwa mheshimiwa."

Makofi. Mguu ukakaza. Jasho lilikuwa limeota juu ya mdomo wa Katibu, na damu kidogo imepenya kwenye chachi na kugusa ukingo wa shati lake jeupe.

"Mzee, naitwa."

"Nasikia."

"Katibu wa hospitali, tafadhali," spika ilirudia. Watu walianza kucheka kule nje.

"Mzee, nakuomba. Fanya haraka."

Dobi alikuwa amemaliza kufunga. Aliangalia fundo lake kama mtu asiyeridhika nalo, akalifungua, akaivuta kamba ikatoka kwenye matundu yote, na kuanza tena tundu la kwanza.